Jibu la Mtaa Mzima

Mimi watu wa kuuliza maswali siwapendi, na wala sifichi. Ukishona nguo miaka ishirini na sita kwenye duka linalotazamana na kliniki, kila mwenye karatasi na kalamu anaanzia kwako. "Samahani mama, dakika tano tu." Dakika tano gani hizo zinazomeza saa nzima, na suruali ya mteja imelala chini haina pindo? Walikuja watu wa maji, wakaja wa mbu, wakaja wa vyoo. Tuliwajibu kwa moyo mweupe, wakaandika, wakashukuru, wakaondoka. Wakaondoka moja kwa moja. Hakuna hata mmoja aliyerudi kutuambia yale tuliyosema yaliishia wapi.

Basi na mimi nikajifunza. Jibu refu huzaa swali refu. Ukimwambia mtafiti kwamba tatizo lako ni umbali na shughuli, anatikisa kichwa, anaandika, anakwenda zake. Ukimwambia jingine lolote, anavuta kiti. Nikawafundisha majirani, na kwa kuwa hapa mtaani Fundi akisema anasikilizwa kuliko hata mwenyekiti, maneno yangu yakapita nyumba kwa nyumba: "Ni mbali, na siku yenyewe huwa ina shughuli nyingi." Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miaka mitatu na bado inakwenda, nikaanza kujiona mjanja.

Mwaka huu wakaja saba kwa mpigo. Wote vijana, wote na mabegi mgongoni, wameletwa na profesa wao wajifunze kufanya utafiti pamoja na wananchi badala ya kuwachungulia. Profesa mwenyewe ni mwanamama mfupi, akicheka anatikisika mwili mzima. Alituita kwenye ukumbi wa kliniki akatueleza taratibu zake. Kila kijana atakuwa na mwenyeji wake hapa mtaani. Juma la kwanza, marufuku kuuliza swali hata moja. Kijana atafanya kazi na mwenyeji wake basi. Na siku ya mwisho, kila mmoja atasimama mbele ya watu waliomjibu awasomee majibu yao, na wakisema si yao, karatasi haiendi popote.

"Na mtu akinyamaza mbele yenu," aliwaambia wale vijana, "msimjazie kimya chake. Subirini."

Nikasema moyoni, haya, tutaona.

Wa kwangu alikuwa binti mwembamba, aliyeacha ualimu wa sekondari ili apate nafasi hii. Asubuhi ya kwanza, hata hajakaa, akafungua karatasi: "Je, ni vikwazo gani vinavyoathiri upatikanaji wa huduma za afya ya mtoto katika kaya yako?"

"We mtoto," nikamwuliza, "umemeza redio?"

Kinyozi wa duka la pili alicheka mpaka mteja wake akaomba ashushe wembe kwanza. Papo hapo akambatiza Dodoso, kwa ajili ya ile karatasi ya maswali, na jina likamganda. Profesa alipopita akasikia kwamba mtu ameshauliza swali siku ya kwanza saa mbili asubuhi, akazichukua karatasi zote akazifungia. Dodoso akabaki mikono mitupu. Nikampa sindano, uzi na mashati kumi na mawili ya wanafunzi, ashone vifungo.

Loo! Vile vifungo vilikaa kama watu waliogombana, kila kimoja kimempa mwenzake mgongo. Akiondoka jioni, mimi nafumua na kushona upya. Lakini hakuchoka, na alikuwa na kicheko cha karibu. Kufika Alhamisi vifungo vilikuwa vimeanza kupatana, na uzi ananitungia yeye, maana macho yangu yameanza ugomvi na tundu la sindano. Mjukuu wangu wa miaka minne, ninayemlea mimi kwa kuwa mama yake anafanya kazi mji mwingine, alikuwa akimwona tu anampandia mapajani. Dodoso akanisimulia jinsi mama yake alivyowapigia simu mashangazi wote, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia, "Mwanangu anakuwa mtafiti!" Hata shangazi ambaye hawasemezani alipigiwa.

Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda yule binti.

Na bado nilimfanyia nililomfanyia. Nilikuwa nimeshasikia swali lake kabla hajaruhusiwa kuuliza: anataka kujua kwa nini akina mama wa hapa, mtoto akishachanjwa surua akiwa na miezi tisa, hawarudi tena kliniki kumpima uzito. Swali lile lilinichoma mahali. Sikusubiri. Jumamosi nikazunguka mtaani na fundo la nguo kichwani kana kwamba nawapelekea wateja, nikawakumbusha wote: "Jibu ni lilelile."

Juma lililofuata Dodoso akaanza kazi. Akina mama arobaini. Kila jioni anarudi uso unamng'aa. "Mama Fundi, watu wa hapa wanaeleza vizuri! Hawasitisiti kabisa!" Mimi nimeinamia cherehani, nakanyaga tu, hata pasipo na nguo ya kushona.

Jumatano ya juma la mwisho Profesa akaja dukani, akaketi kwenye benchi la wateja, akaanza kuzisoma zile karatasi. Alisoma ya kwanza, ya pili, ya tano. Akarudi kwenye ya kwanza. Kile kicheko chake sikukiona popote.

"Akina mama arobaini," akasema, "na thelathini na saba wamesema maneno yaleyale. Sisemi maana ileile. Maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule. Huyu wa kumi na mbili anaishi wapi?"

"Nyumba iliyoegemea ukuta wa kliniki, Profesa."

"Na kwake kliniki ni mbali?"

"Ndivyo alivyosema," Dodoso akajibu, sauti imeanza kupungua.

"Mwanangu, nimefundisha miaka mingi. Karatasi zinazofanana hivi nimeziona kwa watu waliokaa chumbani kwao wakajijazia wenyewe."

"Sikupika, Profesa! Nilikwenda kila nyumba! Haki ya Mungu nilikwenda!"

"Sijasema umepika. Nasema keshokutwa utasimama mbele ya hao watu, utasoma, na utanieleza maneno haya yametoka wapi. Ukishindwa, nitakuondoa kwenye mafunzo, na barua yangu itataja sababu. Unajua mwenyewe, aliyeandikiwa kwamba alipika takwimu hapokelewi tena popote."

Mimi niko pale, hatua tatu, pini sita mdomoni. Nilizishukuru zile pini, maana zilinipa sababu ya kunyamaza. Nilipotazama kazi yangu nikakuta nimeshona mkono wa gauni juu chini.

Profesa alipotoka, Dodoso aliangukia fundo la nguo za wateja akalia. "Nimekosea wapi, mama? Niambie tu nimekosea wapi." Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikamwambia, "Kunywa chai, mwanangu." Chai! Mtu anazama, unamtengea kikombe.

Sikulala vizuri. Alhamisi nikaenda kwa Mama Pacha, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ambaye ndiye huyo wa kumi na mbili, mwenye nyumba iliyoegemea ukuta. Nikamweleza. Akafikiri, akapiga mapaja.

"Si rahisi tu? Kesho Profesa akiuliza kama ni kweli, sote tunajibu kwa sauti moja kwamba ni kweli. Atasemaje? Watu wenyewe wamethibitisha! Tumemwokoa mtoto."

Ningekuwa na akili ningeona shimo lilipo. Lakini ushauri ule ulikuwa unaniokoa mimi, kwa hiyo niliuona mzuri sana. Kufika jioni, mtaa mzima ulishapewa habari.

Ijumaa ukumbi wa kliniki ulijaa. Ni ukumbi wa kawaida: mabenchi manne, mizani ya watoto inaning'inia kwenye ndoano karibu na mlango, na huko mwisho, chini ya dirisha, meza ya karani na daftari lake kubwa. Nesi alisimama kando ya mizani, mikono kifuani. Vijana sita wakasoma majibu yao, watu wakasahihisha hapa na pale, tukacheka. Halafu ikafika zamu ya Dodoso. Alisoma mpaka mwisho, hakuruka hata mstari.

Profesa akatugeukia. "Akina mama, haya ni majibu yenu? Ni kweli?"

"Kweli!" ukumbi ukaitika.

"Kwa nini hamrudi kupima watoto?"

Na jamani, watu wangu, kwa mapenzi yao yote, wakajibu pamoja kama darasa la kwanza: "Ni mbali, na siku yenyewe huwa ina shughuli nyingi!"

Profesa akamtazama Dodoso kwa huzuni. Nikajua anafikiri nini: kumbe hakupika peke yake, amezunguka na kuwafundisha watu cha kusema. Dodoso naye akaelewa kwamba ndivyo anavyodhaniwa. Hakujitetea. Akaanza kuzikunja zile karatasi taratibu, kama mtu anayefunga begi.

Mama Pacha akanipiga kiwiko. "Mbona haijafaa?" akaninong'oneza.

Nikasimama. "Profesa, huyu mtoto hakupika kitu. Nimepika mimi. Yeye amepewa sahani tu."

Nikasema yote. Watu wa maji, watu wa mbu, watu wa vyoo, jibu refu na swali refu, miaka mitatu ya ujanja wangu, na jinsi nilivyozunguka Jumamosi na fundo kichwani. Profesa akanisikiliza, kisha akauliza, bila ukali, "Nitajuaje kama humkingii kifua?"

Kabla sijafungua mdomo, Kinyozi akainuka kule nyuma. "Profesa, huyu anasema kweli tupu. Watu wengine wa mbu, wale wa mwaka jana, waliniuliza kwa nini silali ndani ya chandarua. Nikawajibu kwamba ni mbali, na siku yenyewe huwa ina shughuli nyingi." Akainua kidole. "Na waliandika."

Ebo! Ukumbi ulipasuka. Profesa alianza kutikisika mabega, akatikisika tumbo, akavua miwani, akashika benchi. Hata Nesi, ambaye hatujawahi kumwona meno, tulimwona meno. Mtu mmoja akakiri aliwahi kuwajibu hivyohivyo watu wa vyoo waliokuja mwaka huohuo, na hapo ndipo Profesa alipokaa chini kabisa.

Aliyekuwa hacheki ni Dodoso. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama Fundi," akasema, "basi ni kwa nini?"

Hakusoma popote. Hakusema kikwazo wala upatikanaji. Aliuliza tu, halafu akanyamaza, akasubiri, na kicheko kikafa kidogo kidogo mpaka tukabaki na kile kimya. Mimi ninazo mbinu za kukwepa maswali, lakini za kukwepa kimya sina. Macho yangu yakaenda kwenye ile mizani.

"Ni ile," nikasema.

Nikaeleza ambalo sijamweleza hata Mama Pacha. Mjukuu wangu akiwa na miezi kumi na minne, baada ya homa ndefu, nilimleta hapa. Nesi akamtundika, akatazama, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "Kilo saba!" Mtoto wa miezi kumi na minne. Nyuma yangu mtu akasema, na bibi yake ana cherehani mbili. Nilimshusha mtoto wangu, nikatoka, sikurudi. Nilikuwa namchukua mgongoni nampeleka kliniki ya mji wa pili, mwendo wa saa mbili, kila mwezi, mpaka akanenepa. Kliniki iko ng'ambo ya barabara na mimi nasafiri. Ule umbali niliowafundisha watu ulikuwa wangu mwenyewe.

"Mimi niliona aibu, jamani," nikasema, na machozi yakaja bila kuomba ruhusa. "Niliona aibu, nikaifanya iwe jibu la mtaa mzima."

Nilidhani nitachekwa. Mama Pacha akasimama. "Pacha wangu walisomewa uzito pamoja," akasema. "Wa kwanza kilo tisa, wa pili kilo sita na nusu. Watu wakaniuliza huyu wa pili nimemkosea nini." Mwingine akasimama. Na mwingine. Kumbe kila mmoja alikuwa amekaa na namba yake kifuani, akidhani ni peke yake.

Nesi alikuwa amesawijika uso. "Lakini mimi napaza sauti ili karani asikie!" akasema. "Karani yuko kule! Nikisema taratibu anaandika makosa. Miaka tisa koo linaniuma!"

Sote tukageuza shingo tukaitazama ile meza ya karani. Kutoka mizani mpaka pale ni hatua kumi na mbili. Tulihesabu baadaye.

"Kwa nini umekaa kule?" Dodoso akamwuliza karani.

"Niliikuta hapa," karani akajibu. "Na dirishani kuna mwanga."

Kinyozi hakungoja kikao. Akashika upande mmoja, Mama Pacha akashika wa pili, meza ikainuka na daftari lake na karani akiifuata nyuma akilalamika kuhusu mwanga, ikatua pembeni ya mizani. Mtu akasema balbu itawekwa. Nesi akasogea, akainama, akamnong'oneza karani namba yoyote tu, kujaribu. Karani akaiandika. Nesi akaketi kwenye benchi akalia na kucheka kwa pamoja, na akina mama walewale walioogopa sauti yake wakawa wanampapasa mgongo.

Profesa akazichukua zile karatasi arobaini mkononi mwa Dodoso. Kila mtu akamgeukia, maana neno lenyewe lilikuwa halijasemwa.

"Hizi nazitupa," akasema. "Hazifai hata kuwashia jiko." Akamshika binti bega. "Mtafiti nabaki naye. Huwa inanichukua mwaka mzima kumfundisha mtu kuuliza swali moja kisha anyamaze. Nakuongezea majuma mawili. Anza upya."

Vigelegele vilivyopigwa pale, mgonjwa wa wodi ya pili alitoka na shuka lake kuuliza nani ameolewa. Dodoso alimpigia mama yake simu akashindwa kuongea, ikabidi Mama Pacha aichukue simu, na alivyo mwenye maneno, aliongea nusu saa na mtu asiyemjua.

Lakini mimi bado nilikuwa na langu. Nilimkuta Dodoso nje, kwenye ngazi za kliniki.

"Ulinitazama nikilia," akaniambia. Hakunizungusha.

"Nilikutazama."

"Ukanipa chai."

"Nikakupa chai." Mimi kuomba radhi si fani yangu, wateja wananijua. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea, na nilijua kwamba nakukosea."

Alinuna, akakaza uso kadiri alivyoweza. Uso wenyewe haukuzoea kununa. "Na haikuwa hata na sukari ya kutosha," akasema, tukaangua kicheko wote wawili, akaniegemea begani, tukakaa vile mpaka mjukuu wangu alipokuja kututafuta.

Jumatatu, kabla sijafungua dirisha la duka, alikuwa ameshafika. Akina mama wawili walikuwa wanagombea kuwa wa kwanza kuulizwa, nikawafukuza. Dodoso akaketi, akatoa karatasi nyeupe, haina swali lililochapwa hata moja, akafunga mlango. Akanieleza haki zangu kama Profesa anavyotaka: jina langu hataliandika, ataweka namba tu, naweza kukataa kujibu, naweza kuacha katikati, hataudhika.

"Namba gani?" nikauliza.

"Moja."

Hapo sawa. Nikainuka, nikaufungua ule mlango wote. Nje akina mama walikuwa wanapita na watoto mgongoni kwenda kliniki, wengine sijawaona huko tangu mwaka juzi. Dodoso akatazama mlango, akanitazama mimi, akashika kalamu.

"Anzia popote unapotaka, mama," akasema.

Nikaanza na kilo saba, kwa sauti, wapita njia wakisikia, nikamwambia aandike hivyohivyo nilivyosema.